Kabla hujaniletea kabureta, pima petroli kwanza

Mvua za masika zikianza na umeme ukikatika, meza yangu hapa mtaa wa Gerezani, Dar, inajaa majenereta. Yamekaa stoo na mafuta yake ndani, leo kamba inavutwa mpaka bega linauma. Mwenye mali anasema, "Fundi, ni plagi hiyo." Mimi naanza na mafuta.

Petroli ya Marekani kwa kawaida huwa na ethanoli, ile spiriti ya kuchanganywa na mafuta, asilimia 10, ya Uingereza inafika kiwango hicho tangu Septemba 2021, na Malawi wanachanganya tangu 1982. Ya kwenye kidumu chako je? Usibishane na kijana wa sheli, pima.

Chukua chupa nyembamba ya kioo na bomba la sindano la duka la dawa. Tia mililita 10 za maji, piga alama ya maka peni, kisha mimina mililita 100 za petroli. Fanyia nje, mbali na jiko. Funga, tikisa, legeza kifuniko mvuke utoke, iache itulie dakika kumi. Maji yakibaki kwenye alama, hamna ethanoli. Yakipanda mpaka kama 20, ipo karibu asilimia 10: imeihama petroli, imefuata maji.

Mchezo huo huo unachezwa ndani ya tangi, na kwa unyevu wa Dar hauhitaji msaada wako. Ethanoli hubeba maji kidogo tu, kama kijiko cha chai kwa lita ya petroli. Yakizidi, vyote viwili vinazama chini, pale pale koki inapovuta. Kwa injini za kuchanganya oili, kama misumeno na mashine ndogo za boti, ndiyo balaa: oili inabaki juu na petroli, pistoni inapewa maji na spiriti. Inakwaruzika, inajam.

Mpira wa mafuta ubane kwa vidole. Mzima unarudi, ulioliwa umevimba, unanata kama bigijii au unaacha weusi mkononi. Kata kipande cha mwisho uchungulie ndani, maana nje hudanganya. Ukinunua mwingine, dai unaohimili ethanoli. Ile mipira myeupe ya bei chee inakauka na kupasuka, hata sijui kwa nini bado inauzwa.

Chujio badilisha tu. Ethanoli inabandua uchafu wa zamani tangini na kuupeleka huko.

Mashine haitawashwa mwezi mzima? Mwaga tangi, petroli itumie kwenye pikipiki ingali safi. Kisha washa iungurume mpaka izime yenyewe, legeza skrubu chini ya bakuli la kabureta, kinga kikombe cha kioo. Ukiona matabaka mawili, usitikise ukidhani yatachanganyika, na usimwage mtaroni. Niletee; ya juu naoshea vyuma.