Somo: Krispi za jibini zinazolia ukitafuna, bila unga wala viazi

Habari zenu wapendwa. Mume wangu alipoambiwa kliniki apunguze wanga, ugali na wali hatukupata navyo shida kubwa. Kilichotushinda ni ile saa kumi na moja jioni. Mtu amezoea chai na bakuli la krispi za mihogo miaka yote, sasa umpe nini atafune? Karanga alizila wiki mbili akazichoka. Ndipo nikaanza kujaribu jibini, na leo nawaletea somo lenyewe kwa sababu nimelirudia mpaka nimelielewa.

Krispi za viazi za gramu 100 zina wanga kama gramu 50. Jibini ya cheddar au gouda ya uzito huohuo haizidi gramu 3. Kwa mtu anayehesabu wanga, tofauti hiyo ni kubwa sana. Na wala si chakula kipya: kule Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, wana jibini yao ya Montasio ambayo huikaanga mpaka ikauke, wanaiita frico.

Kabla hujawasha jiko, elewa jambo moja: kazi yote hapa ni kutoa maji. Kila kosa nililowahi kulifanya lilitokana na maji.

Jibini ya kununua. Chukua ngumu, iliyokomaa. Cheddar ina maji kama asilimia 37, gouda karibu 40, parmesan kama 30. Mozzarella laini nusu yake au zaidi ni maji, ndiyo maana inatandaa na kuvutika tu, haikauki. Zile za vipande vya pembe tatu za kupaka kwenye mkate ziacheni kabisa. Nunueni kipande kizima mkwaruze wenyewe, kwa sababu iliyokwaruzwa kiwandani mara nyingi huwa imenyunyiziwa wanga ili isigandane, nasi wanga ndio tunaoukimbia.

Vifaa. Kikwaruzo cha karoti, trei, karatasi ya kuokea, na karatasi za kufutia mafuta. Foili haifai, jibini inaing'ang'ania.

Hatua ya 1. Washa oveni nyuzi 180 za Sentigredi, ipate moto sawasawa. Kwaruza gramu 150 za jibini kwenye matundu makubwa.

Hatua ya 2. Tandika karatasi kwenye trei. Weka kijiko kimoja cha chakula kwa kila krispi, kisha tandaza kwa vidole mpaka uone karatasi kwa mbali katikati ya nyuzi za jibini. Hapa msiwe wakarimu. Kifungu kikiwa kinene, kingo zitaungua wakati katikati bado ni mpira. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine. Utapata kama 15.

Hatua ya 3. Nyunyiza kiungo: ufuta, pilipili manga, au bizari nyembamba iliyotwangwa kidogo. Chumvi usiongeze, jibini inayo ya kutosha. Kitunguu saumu cha unga nimekiacha kwa sababu kinaungua kabla jibini haijakauka na kuacha uchungu.

Hatua ya 4. Oka dakika 7 hadi 10, na usiondoke jikoni. Mwanzoni utaona mapovu makubwa na utasikia sauti ya kuchachatika: hayo ni maji yanatoka. Baadaye mapovu yanakuwa madogo kama ya sabuni, sauti inafifia, kingo zinashika rangi ya dhahabu. Hapo toa. Ukingoja mpaka zifanane na rangi ya kahawa umeshachelewa, zitakuwa chungu. Oveni hazilingani, kwa hiyo fuateni macho na masikio kuliko saa.

Hatua ya 5. Ziache kwenye trei dakika 5. Zikiwa za moto ni laini kama chapati, na wengi hapo hudhani zimeharibika. Zinakauka zinapopoa. Zipange kwenye karatasi ya kufutia mafuta, kisha ivunje moja. Ikilia, tayari. Ikijikunja, rudisha zote oveni dakika 2.

Kuna na namna ya pili, ya vipande vinavyofura. Kata gouda vipande vya sentimita moja, vipange kwenye sahani, funika kwa kitambaa chepesi, weka kwenye friji siku mbili vikauke nje. Halafu oka kwa nyuzi 200 mpaka vivimbe na kupata rangi. Mvuke wa ndani unavisukuma vikiwa vimeshakauka juu, ndiyo maana ukiruka zile siku mbili vinayeyuka tu na kulala.

MASWALI YA WANACHAMA

Morogoro: *Dada, mimi natumia mkaa, oveni sina. Nifanyeje?*

Tumia kikaango kisichogandisha, bila mafuta. Punguza mkaa ubaki moto wa kukaushia wali. Tandaza jibini nyembamba, subiri mapovu yapungue, kisha geuza kwa mwiko bapa na uache nusu dakika. Fanya mbili mbili. Moto mkali unaipa rangi haraka na kuacha maji ndani, kwa hiyo afadhali ikawie.

Mombasa: *Zangu zilitoka vizuri sana, lakini kufika usiku zilikuwa zimelegea zote.*

Hiyo ni hewa ya Pwani, dada, maji tuliyoyatoa yanarudi. Zipoe kabisa, lakini zisikae wazi zaidi ya nusu saa, kisha zitie kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana pamoja na karatasi kavu chini. Usizifunge zikiwa na joto, mvuke utazilowesha zenyewe. Zikilegea, dakika 3 za oveni au kikaango zinazirudisha. Kwa Pwani mimi ningepika za siku moja tu.

Arusha: *Nimetumia jibini niliyotengeneza mwenyewe kwa maziwa na ndimu. Haikuyeyuka hata kidogo!*

Na haitayeyuka, mpendwa. Jibini ya ndimu haina tabia hiyo, ukiipa moto inakauka palepale ilipo. Hujakosea chochote. Ikate vipande, ikaange kivyake, ni tamu sana na kachumbari, ila si krispi.

Goma: *Miye niko Goma, huku tuko na fromaji ya Masisi. Inaweza kazi hii?*

Inaweza, ndugu yangu. Ile ya Masisi ni ya jamii ya gouda. Chagua iliyokaa muda, ambayo ukiibonyeza kwa kidole haibonyei.

Dodoma: *Maziwa yananisokota tumbo. Nizile?*

Jibini ngumu iliyokomaa hubakiwa na sukari ya maziwa kidogo sana, na wengi wenye shida yako huivumilia. Anza na moja au mbili, uone. Lakini kama ni mzio wa maziwa wenyewe, ule wa kuvimba au kubanwa pumzi, usiguse kabisa.

Tanga: *Shikamoo mama. Baba yangu ana kisukari na presha pia. Anaweza kula ngapi kwa siku?*

Marahaba mwanangu. Sukari haitakusumbua hapa, angalia chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na gramu 30 za cheddar peke yake zina karibu nusu gramu. Mimi humpimia mume wangu jibini ya gramu 30 kabla sijaipika, yaani krispi tatu, pamoja na vipande vya tango. Pima ikiwa mbichi, kwa sababu ikikauka inapungua uzito na mkono unadanganyika. Na kama baba anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usibadilishe mlo wake kwa krispi hizi bila kuongea na kliniki yake, kwani dawa ileile na wanga uliopungua vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Mpe kama kitafunwa cha pembeni, chakula chake kibaki palepale.