Ekzosi isiyo ya kiwandani inachomoka kwenye maungio: anza na raba, klampu baadaye

Wakuu, pikapu au lori likifungwa ekzosi mpya, halafu mabomba yakaanza kuachana, wengi hukimbilia spana. Nati inakazwa, inakazwa tena, mpaka bolti inakatika. Mara nyingi klampu, yaani kibano kinachofunga maungio ya mabomba, haina kosa. Imebebeshwa uzito wa sailensa, na hiyo ni kazi ya raba za kuning'iniza.

Gari liwe limepoa kabisa, magurudumu yawekewe kabari, na likae juu ya stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Hatua ya 1. Ning'iniza mfumo mzima, klampu zote zikiwa zimevalishwa lakini nati umezizungusha kwa vidole tu. Raba iliyopasuka au kuvutika, badilisha sasa. Kisha zungusha na kusogeza mabomba mpaka yatulie yenyewe. Ungio ambalo lazima ulisukume kwa nguvu ndipo likae ndilo litakaloachia kwanza.

Hatua ya 2. Toa kutu na rangi kwa brashi ya waya. Bomba la ndani liingie sentimita 4 hadi 5. Kama mdomo wa bomba la nje una mipasuo, la ndani lipite mwisho wa mipasuo hiyo, la sivyo moshi utatokea hapo hata ukaze vipi. Piga alama kwenye bomba la ndani, usawa wa mdomo wa la nje. Likianza kutoka utaliona.

Hatua ya 3. Chagua klampu. Ya umbo la U hushika sana, ila inabonyeza bomba, na siku ya kulitoa utajuta. Mimi nachukua ya ukanda mpana, kwa sababu inabana mzunguko wote. Klampu ya hosi ya maji haina kazi hapa.

Hatua ya 4. Kaza kuanzia upande wa injini kwenda nyuma, kwa kipimo cha nguvu ya kukaza alichotoa mtengenezaji wa klampu. Ya U, kaza nati zake mbili kwa zamu. Ncha za bolti zisielekee ardhini, wala kwenye nyaya, bomba la mafuta au hosi ya breki.

Hatua ya 5. Endesha, acha lipoe, kaza tena. Usiiruke hii. Bomba la chuma cha pua la mita 2 likipanda joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi hurefuka takriban milimita 10, na likipoa linarudi. Ndiyo maana pia bomba liachiwe nafasi, lisigusane na fremu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, si bora nichomelee tu yaishe?*
Unaweza kupiga nukta mbili tatu baada ya kulinganisha kila kitu. Ila acha ungio moja la klampu, maana kuna siku utahitaji kuishusha. Chomoa waya hasi wa betri kwanza, na bomba lenye zinki lisuguliwe zinki itoke, moshi wake ni sumu.

*Naona masizi meusi kwenye ungio, lakini sisikii kelele.*
Linavuja tayari. Fungua, safisha, paka gundi ya ekzosi kidogo, funga upya. Usilipuuze, gesi ya ukaa monoksidi haina harufu na inaweza kuingia ndani ya kabini. Uvujaji ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi), unaweza pia kuipotosha sensa.

*Fundi, nati ya chuma cha pua imeganda katikati ya bolti, haiendi wala hairudi.*
Hiyo imejing'ata, kata uweke nyingine. Safari hii paka grisi ya nikeli inayohimili joto na kaza polepole kwa mkono, bila mashine. Grisi hupunguza msuguano, kwa hiyo kama kipimo cha klampu ni cha bolti kavu, usikifikishe chote.

*Bomba la ndani linacheza ndani ya la nje hata kabla ya klampu.*
Kipenyo hakilingani. Tafuta adapta ya saizi sahihi, klampu haitaziba hiyo nafasi.