Vitabu vya dini ya mwenzako: anza na tanbihi

Nimeigundua hii kwenye rafu yangu mwenyewe: kila kitabu nilichokuwa nacho kuhusu dini ya jirani kiliandikwa na mtu wa dini yangu. Nilidhani nasoma kumbe najithibitishia.

Chukua Kurani kwa Kiswahili. Ya mwaka 1923 ilitafsiriwa na Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana. Ya 1953 ni ya Waahmadiyya, jumuiya iliyoanzia India ambayo Waislamu wengi hawakubaliani nayo. Ya 1969 ni ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanazuoni wa Zanzibar. Aya ni zilezile, lakini shuka chini ya ukurasa usome tanbihi: Dale anawaeleza Wakristo, Farsy anawajibu wote wawili waliomtangulia.

Kwa hiyo ukitaka kuijua imani ya mtu, usimwulize padri wako wala shehe wako. Mwulize mwenye imani hiyo: "Kitabu gani wewe mwenyewe unakipenda?" Kiazime, ukimalize, ndipo usome majibu ya upande wako. Na siasa hivyohivyo. Azimio la Arusha lenyewe, tamko la ujamaa la Tanzania la 1967, halina kurasa nyingi. Lisome kabla ya wanaolisifu na wanaolilaani.