Silikoni iingie ndani ya kiungo, si juu yake

Kwa mlioko Marekani au Kanada mnaopasha nyumba joto kwa hita ya peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa): moshi ukinukia sebuleni kila hita inapowaka, usikimbilie kuzungushia utepe kwa nje ya viungo vya bomba la moshi. Chomoa bomba likiwa limepoa, futa masizi yote hadi chuma king'ae, kisha pitisha mstari wa silikoni ya kuzibia inayostahimili joto kali, kama milimita 3, kuzunguka ncha inayoingia ndani ya bomba jingine. Sukuma huku ukizungusha kidogo, uache siku nzima kabla ya kuwasha. Feni ya hita hii husukuma moshi kwa shinikizo, tofauti na jiko la kuni ambalo dohani yake huvuta, kwa hiyo hata upenyo wa unywele hutema moshi pamoja na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi. Juu ya masizi silikoni haishiki. Ya bafuni ndiyo kabisa, itaungua. Soma tyubu, iwe ya nyuzi 260 za Selsiasi au zaidi. Kifuniko cha kutolea majivu usikigandishe, mtakifunguaje? Hapo weka utepe wa alumini. Mabomba yaliyokuja na mpira wake wa kuzibia, fuata maelekezo ya kiwanda.