Harufu ya kinywa wakati wa rejimu: tafuta chanzo kabla ya kununua dawa

Mwaka jana dada yangu mkubwa, anayeishi karibu na soko la Kadutu hapa Bukavu, alianza rejimu ya kupunguza uzito, akaacha bugali. Hakupunguza kidogo kidogo: kwa siku moja aliaga bugali, mkate, ndizi na viazi, akabaki na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mayai, parachichi na lengalenga. Uzito ulishuka upesi, lakini siku ya kumi aliniambia kwamba katika mazoezi ya kwaya mwenzake wa upande wa kushoto alikuwa akiimba huku amegeuza uso dirishani. "Mdogo wangu, wewe si unafanya kazi ya meno? Ninuse, uniambie ukweli." Mimi ni muuguzi katika chumba cha kutibu meno, na ninakiri kwamba nilimpotezea majuma matatu kwa kukimbilia dawa. Ninaandika hapa njia ambayo ningepaswa kuifuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Tambua ni harufu ipi

Mtu anayefuata rejimu anaweza kuwa na harufu mbili, kila moja na chanzo chake, na dawa ya moja haiigusi nyingine hata kidogo.

Harufu ya kwanza hutoka kinywani. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na mengi hutoka wakati wa kutafuna; mate hayo ndiyo yanayosafisha ulimi na fizi. Anayeruka chakula cha asubuhi hatafuni, kwa hiyo kinywa chake kinabaki kikavu kama kilivyokuwa usingizini, na bakteria waliojificha nyuma ya ulimi na katikati ya meno wanaendelea kuozesha mabaki ya protini bila kusumbuliwa. Gesi zenye salfa wanazozitoa hunuka kama yai viza.

Harufu ya pili hutoka mapafuni. Wanga unapopungua sana, kwa kawaida chini ya gramu 50 kwa siku, akiba ya sukari iliyomo katika ini huisha, na ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni ili ubongo usikose nguvu. Ketoni mojawapo ni asetoni, ileile iliyomo katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha. Hupita katika damu, hufika mapafuni, kisha hutoka pamoja na pumzi, na hakuna mswaki unaofika huko.

Kujinusa mwenyewe hakufai, kwa sababu pua huzoea harufu ya mwenyewe, na kupumulia kiganja hakuongezi kitu. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, asiye na mafua na asiyevuta sigara. Mkutane asubuhi kabla hujala, hujanywa kahawa wala hujapiga mswaki. Fumba kinywa kwa dakika moja, kisha toa pumzi polepole kwa pua huku mwenzako akinusa kutoka umbali wa sentimita 10 hivi. Halafu bana pua kwa vidole, zuia pumzi, ufungue kinywa, naye anuse hewa iliyomo kinywani bila wewe kupumua. Mwisho pitisha kijiko nyuma kabisa ya ulimi, subiri sekunde kumi, kisha mnuse ule utando uliobaki juu yake.

Hewa ya kinywa ikinuka na ya pua ikiwa safi, tatizo liko kinywani. Hewa ya pua ikiwa na harufu tamu yenye ukali, kama tunda lililoiva kupita kiasi, hiyo ni asetoni. Zote mbili zikinuka, una kazi mara mbili.

Sasa makosa yangu. Kosa la kwanza ni kwamba nilitumia kijiko peke yake. Nilipokiinua kwenye mwanga niliona utando wa manjano, mzito kama uji uliolala, nikatangaza kwamba nimempata mwizi. Kumbe kijiko cha karibu kila mtu hunuka asubuhi, na hakisemi lolote kuhusu mapafu. Kwa majuma matatu dada yangu alikwangua ulimi hadi ukawa mwekundu, na mwenzake wa kwaya hakugeuka kutoka dirishani. Kosa la pili lilikuja niliporudia jaribio, safari hii kwa pua pia, lakini jioni, baada ya sambaza zilizokaangwa kwa kitunguu saumu. Kitunguu saumu nacho hupita katika damu na kutoka mapafuni, na harufu yake inaweza kudumu zaidi ya siku nzima. Nilichanganyikiwa kabisa. Kwa hiyo acha kitunguu saumu na kitunguu maji siku mbili kabla ya jaribio, hata katika sombe, ingawa najua ninaomba jambo zito.

Yapo mengine yanayodanganya. Harufu mbaya, si tamu, inayotoka katika tundu moja tu la pua huashiria tatizo la pua au la mifuko ya hewa usoni. Punje nyeupe zinazotoka kooni zikinuka vibaya zinatoka katika mafindofindo. Fizi zinazotoka damu au jino lililotoboka vitaharibu jaribio lolote, na hapo mahali pako ni kwa daktari wa meno. Ukibaki na shaka kuhusu asetoni, uliza duka la dawa kama lina vikaratasi vya kupimia ketoni katika mkojo: hugeuka zambarau kadiri ketoni zinavyozidi. Mimi ninavipenda kuliko pua ya mtu mwenye huruma.

Hatua ya 2: Angalia hatari

Ukiwa na harufu ya asetoni na una kisukari, au ukiwa nayo pamoja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika, maumivu ya tumbo au kupumua kwa nguvu na haraka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hilo si jambo la rejimu tena. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasiache wanga bila ushauri wa daktari.

Hatua ya 3: Ikiwa harufu ni ya kinywa

Kupiga mswaki sitakufundisha. Safisha ulimi mara moja kwa siku kwa kijiko cha chuma, kuanzia nyuma kuja mbele, kwa mkono mwepesi, mara nne au tano, ukikiosha kila mara. Napenda kijiko kuliko vifaa vya plastiki kwa sababu hakivunjiki na huchemshwa. Pitisha uzi wa meno jioni. Uzi wa cherehani usiutumie, unakata fizi.

Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na saa unayoruka chakula tafuna kitu: kipande cha karoti ikiwa rejimu yako inaruhusu, au jojo isiyo na sukari. Pipi za mnanaa zenye sukari ni kuwalisha bakteria walewale. Maji ya kusukutua yenye alkoholi siyapendi, kwa sababu hukausha kinywa. Dada yangu aliuziwa chupa mbili, na saa moja baada ya kusukutua harufu ilikuwa imerudi. Yenye kloroheksidini, dawa ya kuua bakteria, husaidia, lakini yasizidi majuma mawili bila kumwona daktari wa meno, maana hupaka meno rangi ya kahawia.

Hatua ya 4: Ikiwa ni asetoni

Rudisha wanga kidogo. Hakuna njia nyingine ya kuaminika. Maji na jojo hupunguza makali tu. Wapo wanaovumilia, na kwa wengi harufu hufifia baada ya majuma kadhaa, lakini anayeimba kwaya hana majuma ya kuvumilia. Gramu 150 za viazi vitamu vilivyochemshwa zina takriban gramu 30 za wanga, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina karibu gramu 40. Mimi ningeanza na maharagwe, kwa kuwa yanashibisha kwa muda mrefu. Bugali wa muhogo usiukimbilie kwanza: unga wake karibu wote ni wanga, na tonge mbili za ziada huingia bila mtu kuhisi. Dada yangu alirudisha kikombe kimoja cha maharagwe mchana na nusu ya kiazi kitamu jioni. Uzito uliendelea kushuka, ila taratibu zaidi.

Hatua ya 5: Rudia jaribio la pua

Fanya hivyo baada ya siku nne au tano, asubuhi, na mtu yuleyule. Asetoni ikiwa bado ipo, ongeza nusu ya kiazi, si kiazi kizima, kisha subiri siku nyingine nne. Kwa dada yangu iliisha katika jaribio la pili, na Jumapili iliyofuata aliniambia kwamba mwenzake wa kushoto alimwinamia katikati ya misa kumwuliza wanaimba ubeti wa ngapi.