SOMO: Chama cha siasa na kundi la shinikizo, jinsi ya kuvitofautisha hatua kwa hatua

Wakuu habari za muda huu. Naona uchaguzi ukikaribia watu wanaanza kuishambulia TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kana kwamba ni chama cha upinzani kilichogoma kufanya kazi yake, wengine wanauliza mbona CWT, chama cha walimu, hawasimamishi mgombea. Leo tulimalize, mifano natumia ya hapahapa Tanzania, maswali wekeni chini.

Hatua ya 1: Uliza wanataka kiti au wanataka jambo
Chama cha siasa kinataka dola. Kinasimamisha diwani, mbunge, rais, na kikishinda kinabeba kila kitu, maji, barabara, jeshi, shule. Kundi la shinikizo, kama TUCTA na CWT, linaibana serikali kwa ishu yake, nani yuko Ikulu sio hoja yao ilimradi ishu ipite. Na kwa sheria yetu kugombea lazima udhaminiwe na chama, Mchungaji Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika akashinda 2013, ila mlango bado umefungwa. Ndo maana hata kundi liwe kubwa vipi, bungeni litapita kwa mgongo wa wabunge wa vyama.

Hatua ya 2: Angalia wamesajiliwa wapi
Vyama vya siasa vina Msajili wao chini ya sheria ya 1992. Vyama vya wafanyakazi vina msajili mwingine, enjio (mashirika yasiyo ya kiserikali) nazo kwingine. Hapa ni dakika moja tu unamaliza.

Hatua ya 3: Fuatilia ishu moja mwanzo mpaka mwisho
Chukua kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mstaafu. 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, zikaja kanuni kwamba mstaafu alipwe 25% ya mafao yake kwa mkupuo wakati kuna watumishi walikuwa wanapata 50%, wafanyakazi wakawaka, viongozi wao wakapambana mpaka Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akakaa nao Ikulu na kuamuru utaratibu wa zamani urudi kwanza. 2022 ikaja 33%, kelele hazikuisha, wabunge wa chama tawala wenyewe wakaibeba bungeni maana wastaafu ndo wapiga kura wao, na bajeti ya 2024 ikapandisha mpaka 40% kwa wale waliokuwa na 50%. Hakuna kiongozi wa wafanyakazi aliyehitaji kugombea hata udiwani kwa hilo.

Hatua ya 4: Angalia nani kamshika mwenzake
Hii ndo naiona muhimu kuliko zote. Shirikisho la wafanyakazi, TFL, lilisaidiana na TANU kudai uhuru, na Kawawa alitokea hukohuko. Lakini baada ya maasi ya jeshi ya 1964 TFL ikavunjwa kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, katibu mkuu wake akawa waziri wa kazi, baadae JUWATA iliyoirithi NUTA ikawa jumuiya ya CCM kabisa. Sasa mfanyakazi akidhulumiwa na serikali amlilie nani, wakati anayemsemea ni waziri wa serikali hiyohiyo? Kundi likishamezwa na chama jina linabaki, shinikizo linakufa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu UWT na UVCCM ni makundi ya shinikizo?
Jibu: Hapana, hizo ni jumuiya za CCM kama BAVICHA ilivyo ya CHADEMA. Kazi yao ni kukiletea chama kura.

Swali: Kundi linaweza kugeuka chama?
Jibu: Linaweza kukizaa. Zambia 1991 Chiluba alitoka kwenye uongozi wa shirikisho la wafanyakazi akamtoa Rais Kaunda kupitia chama cha MMD. Zimbabwe 1999 Tsvangirai nae katokea kwa wafanyakazi wakaanzisha chama cha MDC.

Swali: Mei Mosi rais ndo mgeni rasmi, huko si kununuliwa?
Jibu: Kukaa nae jukwaa moja sio kosa, risala inasomwa mbele yake na wafanyakazi wote wanasikia. 2025 pale Singida kima cha chini serikalini kilitangazwa kutoka 370,000 mpaka 500,000, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi, chama kinataka kura, kundi linataka mshahara, hapo ndo wanakutana. Mimi naangalia mwaka ambao hakuna uchaguzi, je risala inakuwa kali vilevile?

Swali: Mimi mwalimu, naweza kuwa na kadi ya CWT na ya chama cha siasa?
Jibu: Unaweza mwalimu wangu, ila siasa usiingize darasani. Waliokatazwa na Katiba kujiunga na chama ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT, na hao nao kupiga kura wanaruhusiwa.