Kujipaka losheni ya jua mgongoni ukiwa peke yako

Mtu mwenye ualbino anayeishi peke yake hupaka uso na mikono vizuri, kisha mgongo anaugusagusa tu pale vidole vinapoishia. Jua la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni hupata mlango hapohapo.

Andaa mwiko mpana wa mti, mfuko wa mkate uliooshwa na kukaushwa, mipira miwili ya kufungia noti, kijiko cha chai na simu yenye kamera.

1. Vika ubapa wa mwiko ule mfuko, uukaze kwa mipira pasiwe na mikunjo. Sponji na kitambaa havifai, kwani vinanyonya losheni na ngozi inaambulia unyevu.

2. Pima kijiko kimoja kilichojaa kwa mgongo wa mtu mzima. Iwe ni Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa Moshi, au nyingine ya dukani, namba ya SPF (kiwango cha kinga dhidi ya jua) ilipimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Ukipaka nusu, kinga inapungua sana.

3. Weka nusu ya losheni kwenye mwiko, uupitishe juu ya bega, uanzie katikati ya mgongo. Wengi huanzia mabegani kwa sababu ni rahisi. Mwiko ukifika katikati losheni imekwisha. Buruta taratibu bila kusugua, ukitoka katikati kwenda pembeni. Badili mkono. Nusu iliyobaki ipitishie kiunoni, ukipanda juu hadi maeneo mawili yakutane.

4. Ukosi na masikio paka kwa vidole. Kunja sikio mbele, upake nyuma yake na ukingo wa juu. Tafadhali usiharakishe hapa: kwa wenye ualbino, saratani ya ngozi hutokea zaidi kichwani na shingoni. Ukosini shuka mpaka chini ya mstari wa kola.

5. Jipige picha mgongoni kabla losheni haijakauka, mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni. Pasipong'aa, rudia.

Subiri dakika 15 ndipo uvae. Losheni hurudiwa kila baada ya saa 2, jambo gumu ukiwa shambani, kwa hiyo vaa shati zito lenye kola. Shati jepesi jeupe likilowa jasho hupitisha mionzi. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kapelo huacha masikio na ukosi wazi.

Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki 4, nenda kliniki ya ngozi.